Mama wa Meya Hajashuka

Ijumaa ya Kanivali mtu wa Tarquipata hafanyi kazi. Ofisini anafika, ndiyo, lakini anafika na chupa. Meza zinafungwa tepe za karatasi za rangi, kona za chumba zinamwagiwa divai na pombe kali, na karani ambaye mwaka mzima hakukutazama usoni anakurushia chengachenga za karatasi kichwani na kukuita ndugu yangu wa damu. Hiyo ndiyo challa, siku ya kumnywesha Mama Ardhi ili naye asitusahau. Ijumaa ni ya ofisi na maduka. Jumanne ni ya nyumba. Ukichanganya siku hizo, hapa kwetu utasemwa mpaka Pasaka.

Hortensia Quenallata, meya wetu, alikuwa ameinama kwenye kona ya ofisi yake, glasi mkononi, akimwagia mbao za sakafu, pale mlango ulipofunguliwa bila hodi. Alikuwa Mhandisi Ovidio, mkuu wa mambo ya udongo na miteremko pale manispaa, mtu mkavu kama biskuti ya jana. Suruali yake ilikuwa matope mpaka magotini.

"Mheshimiwa," alisema, "mlima wa San Roque unatembea."

Watu wakaangua kicheko. Katibu muhtasi akamtupia gao la chengachenga. "Na wewe tembea basi, Mhandisi, ukaoge!"

Ovidio hakujifuta hata. Alieleza palepale, mbele ya chupa na tepe, kwamba juu ya mtaa wa San Roque ardhi imepasuka, ufa mtu anaweza kutumbukiza mguu. Kwamba chemchemi ya pale chini imeanza kutoa maji ya tope. Kwamba nguzo za umeme zimeinama zote upande mmoja. "Mvua ikiendelea hivi, mtaa utashuka mpaka mtoni. Siku siijui. Lakini utashuka, na watu wamo ndani."

Hortensia akaweka glasi chini. Kusema kweli, katika watu wote wa San Roque, aliyemjia akilini kwanza alikuwa mmoja tu. Mama yake mzazi, Mama Saturnina, alikuwa akiishi palepale, nyumba ya juu kabisa karibu na msalaba, nyumba aliyoijenga tofali moja moja kwa kuuza viazi vikavu sokoni. Hortensia alizaliwa pale. Kura zilizompa umeya zilianzia pale.

"Andikeni amri," alisema. "San Roque ihamwe leo."

Amri iliandikwa, ikapigwa muhuri, ikawa nzuri kweli kuitazama. Watu hudhani meya ni mfalme mdogo. Haya, meya anaweza kukunyima kibali cha banda la kuku. Anaweza kukutoza faini kwa kumwaga takataka mtaroni, na akikata utepe wa choo cha shule mtampigia makofi. Lakini kumtoa mtu mzima ndani ya nyumba yake naye hataki kutoka, hilo linataka askari, na askari si wa meya. Ni wa serikali kuu.

Alimpigia simu kamanda wa polisi. Nyuma ya sauti ya kamanda kulikuwa na tarumbeta.

"Mheshimiwa, mimi niko tayari hata sasa hivi! Nipe tu karatasi ya mwendesha mashtaka."

"Mwendesha mashtaka yuko wapi?"

"Amekwenda Oruro, mama. Anacheza ngoma ya mashetani. Keshavaa na pembe, simu ataisikia wapi?"

"Na msaidizi wake?"

"Wamekwenda pamoja. Subiri Alhamisi, Mheshimiwa, nchi ikifunguliwa."

Hortensia alikata simu akabaki kuitazama fimbo yake ya umeya, ile ya mti mweusi yenye pete za fedha, imeegemea ukutani imezungushiwa tepe za pinki. Mkubwa ni jalala, wahenga walisema, na jalala haliwezi hata kujizoa.

Jumamosi asubuhi alipanda mwenyewe. Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyokatika. Njia ya San Roque ni ngazi za mawe, na kabla hajafika kati, puto la maji lilitoka kwenye paa fulani likampasukia begani.

"Meya kaloa!" mtoto akapiga kelele, na mtaa mzima ukatoka nje kumshangilia.

Hawakuwa watu wenye chuki naye, na hilo ndilo lililomvunja nguvu. Wangemzomea angejua la kufanya. Badala yake walimvuta ndani ya ukumbi wa mtaa, wakamkalisha, wakampa bakuli la mchuzi wa kanivali, nyama ya kondoo na kabichi na matunda ya pichi ndani yake, wakasimama wakimtazama anavyokula. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Celedonio, mpiga ngoma kubwa wa bendi ya San Roque, alivuta kiti mbele yake.

"Binti yetu umekonda. Ikulu ya mjini hawakulishi?"

"Mzee wangu, nimekuja kwa jambo zito. Mlima huu unaanguka."

"Tumesikia. Yule mhandisi wako kapita hapa na rula."

"Nimeandaa shule ya chini. Kuna magodoro, mablanketi, chakula moto. Malori nitaleta ya bure. Tokeni, jamani, hata wiki mbili tu, mvua ikatike."

Watu wakatazamana. Mzee Celedonio akajikuna shavu.

"Binti, nikuulize kitu kimoja, usinikasirikie. Mama yako amehama?"

Hortensia akatua kijiko.

"Atahama."

"Aha. Atahama. Lakini hajashuka." Akawageukia wenzake, nao wakatikisa vichwa taratibu. "Sasa sisi tunasema hivi. Mtoto akijua nyumba inaungua, anaanza na mama yake. Siku tukimwona Mama Saturnina anashuka ngazi hizi na mafurushi yake, na sisi nyuma yake, hata jiko hatuzimi. Ila mama wa meya hajashuka, sisi tunakimbia nini?"

Maneno yalikuwa na akili, ubaya ndio huo. Akaacha nyama bakulini akapanda kwa mama yake.

Mama Saturnina alikuwa juu ya stuli, sketi zake pana zimekunjwa kiunoni, kofia yake ya duara kichwani hata ndani ya nyumba, anapaka ukuta rangi ya buluu. Hakugeuka.

"Futa miguu. Jumanne ni mtondo, na mimi sina wa kunisaidia. Mwanangu ni meya."

"Mama, Ovidio alikuwekea kipande cha jasi hapo ukutani. Kiko wapi?"

Hapa nieleze. Wahandisi wakitaka kujua kama ufa unaendelea, hubandika jasi nyembamba juu yake, nao huiita shahidi. Shahidi akikatika, ukuta umesogea.

"Kile kidude? Si hicho hapo, nimekipaka rangi. Umeona wapi nyumba inamkaribisha Mama Ardhi imefungwa bandeji?"

"Mama, huo ni ufa!"

"Nimeuziba. Usipoziba ufa utajenga ukuta, si ndiyo mlivyofundishwa shule? Basi nimeziba, sijengi." Akacheka mwenyewe, akashuka kwenye stuli kwa tahadhari, akamshika binti yake uso kwa vidole vya buluu. "Umelowa wewe. Kaa."

Hortensia alikaa akasema yote. Alisema kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa machozi. Mama yake alimsikiliza huku akitenga majani ya koka mazima na yaliyovunjika.

"Mwanangu, sikatai," alisema mwishowe. "Macho ninayo. Nguzo ile ya nje zamani ilisimama wima. Lakini nyumba hii imenitunza tangu baba yako afe, na Jumanne ndiyo siku yake ya kunywa. Niondoke kesho, niiache na kiu? Ungekuwa wewe nyumba, ungejisikiaje? Acha niinyweshe, nimshukuru Mama Ardhi, nimuage. Baada ya hapo nashuka. Nimesema, na mimi sisemi mara mbili."

"Mvua haitasubiri Jumanne, Mama."

"Basi kaiambie mvua. Si una fimbo?"

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na alipokuwa akishuka ngazi alilishukuru, maskini, akaliona ni mwanga. Kama kinachomzuia mama ni challa, si challa iwahishwe?

Alikwenda kwa Mzee Ponciano, fundi wa matambiko anayeheshimiwa jiji zima, mtu ambaye hata askofu humsalimu kwanza. Akamweleza. Mzee Ponciano alitafuna koka yake muda mrefu.

"Kufanya Jumapili badala ya Jumanne," alisema. "Mama Ardhi hana kalenda ukutani, binti. Akiwa na njaa anakula. Naweza kufanya." Akamtazama. "Ila watu wana kalenda. Sijui wao watalichukuliaje."

"Watashuka. Mama akishuka, watashuka."

"Haya."

Jumapili San Roque ilipendeza, na aliyekuwepo atakwambia. Wazee wachache walinung'unika kuhusu siku, lakini meya mwenyewe kuja kumwagia mtaa wenu, hilo halijawahi kuonekana, na manung'uniko yalizimika. Nyumba zote zilivaa tepe za karatasi na maua ya manjano. Mzee Ponciano alipanga sadaka yake mbele ya nyumba ya Mama Saturnina: peremende za rangi, mafuta ya mnyama wetu wa milimani aitwaye lama, ubani, koka, na kile kijusi cha lama kilichokauka juu kabisa. Hortensia alivua koti lake la mjini akajifunga shali ya mama yake. Akamwaga pombe kwenye kona za nyumba, moja baada ya nyingine. Kwenye ule ukuta wa buluu alimwaga na kuomba kwa moyo wake wote: Utusubiri, Mama Ardhi. Tusubiri kidogo tu, watoke.

Moto ukawashwa. Na wakati moshi unapanda, mvua ikakatika.

Si kwamba ilipungua. Ilikatika kabisa, wingu likapasuka, jua likapiga mabati ya San Roque yote kwa pamoja. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee Ponciano akachokoa majivu kwa kijiti, na majivu yalikuwa meupe, meupe pepe kama unga.

Ukiona majivu meupe, Mama Ardhi amepokea. Mtoto wa miaka mitano anajua hilo.

"Amekula!" Mzee Celedonio akapiga ngoma yake mpaka vioo vikatetemeka. "Amekula na ameshiba! Umeona, binti? Mkono wako una baraka!"

Watu wakakumbatiana. Hortensia naye alikumbatiwa, akarushiwa chengachenga, akacheka, kwa dakika chache hata yeye aliamini. Kisha akapanda kwenye benchi.

"Jamani! Tumemaliza vizuri. Sasa tufungashe. Malori yako chini yanasubiri."

Mzee Celedonio akauliza, kwa mshangao wa kweli kabisa:

"Twende wapi?"

"Shuleni! Mzee wangu, tulikubaliana. Mama anashuka leo, nanyi mnashuka."

"Hiyo ilikuwa jana, kabla Mama Ardhi hajala. Binti, wewe mwenyewe umemlisha kwa mkono wako. Mvua imekatika unaiona. Majivu unayaona. Sasa tumlishe, apokee, halafu tumkimbie? Si ndiyo atatukasirikia!"

"Mzee, mlima haujui..." akaanza, akameza. Angesema nini? Kwamba majivu hayana maana? Nusu saa iliyopita alikuwa amepiga magoti mbele yake. Alimtafuta Mzee Ponciano kwa macho, akamwona anakusanya vitu vyake polepole, hamtazami mtu.

Mama Saturnina alitoka ndani amebeba mafurushi yake mawili. Alikuwa amesema atashuka, na alishuka. Alipita katikati ya majirani zake ameinamisha kofia, nao wakampisha kwa heshima.

"Nenda ukapumzike kwa mwanao, mama," wakamwambia. "Kesho kutwa tunakungoja, usitususe."

Hakuna aliyemfuata. Ni Basilia tu, jirani wa ukuta kwa ukuta, binti mwenye watoto mapacha wachanga, aliyemshika Hortensia mkono ngazini. "Dada Meya, mimi naogopa. Usiku naisikia nyumba inalia. Mume wangu akirudi kutoka mgodini kesho, tutahama. Lori litakuwepo?"

"Litakuwepo. Nakuahidi. Usibadili mawazo, mdogo wangu."

Katika nyumba ya Hortensia ya mjini, ghorofa yenye zulia, Mama Saturnina alikaa dirishani na kofia kichwani. Alikataa kuivua. Jioni mvua ilirudi, nzito kuliko mwanzo.

"Nimetimiza neno langu," alisema. "Umeridhika?"

"Uko salama, Mama. Ndiyo, nimeridhika."

"Mimi niko salama." Akaitazama mvua. "Celedonio alinisaidia kumzika baba yako. Basilia nilimzalisha mimi, kwa mikono hii. Wote wako kule, mimi nimekaa juu ya zulia. Mwanangu, ulidhani nikishuka nitafurahi?"

Hortensia alimpikia supu, mama akanywa vijiko viwili. Asubuhi kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri na hakukuwa na mtu. Furushi moja tu lilibaki, lenye zawadi ya viazi vikavu.

Simu ya Ovidio ilimkuta mlangoni anavaa viatu. "Mheshimiwa, mashahidi wamekatika. Nyumba baada ya nyumba. Ufa wa juu umefunguka zaidi, siwezi kupima tena, nimewaondoa vijana wangu. Na... samahani, mama yako nimemwona anapanda. Nilimwita. Alinipungia mkono."

Alikwenda mbio. Lori la manispaa lilikuwa limesimama mwisho wa barabara, na Ovidio kando yake, miwani imejaa matone. Akamzuia kwa mikono miwili.

"Usipande, Mheshimiwa. Nakusihi."

"Mama yangu yuko juu."

"Najua. Lakini wewe ukipanda, watu wale wata..."

Hakumsikiliza amalize. Alidhani anamhofia yeye roho yake, na roho yake wakati ule hakuiona ina thamani yoyote. Akampita.

Bendi ilikuwa inapiga. Jumatatu ya Kanivali, mvua au si mvua, San Roque hucheza. Maji ya tope yalikuwa yanatiririka katikati ya ngazi, yakibeba tepe za jana. Na pale kwenye lori la pili, lile lililopanda kwa njia ya udongo ya nyuma mpaka uwanja wa mtaa, aliwaona: Basilia na mapacha mgongoni, mume wake, kijana mwembamba aliyetoka zamu mgodini, anafunga kamba. Jiko limepakiwa. Kabati limepakiwa. Godoro la mwisho liko juu ya yote, limefunikwa nailoni.

Moyo wa Hortensia uliruka. Familia moja. Wakiondoka hawa, kesho wengine wataondoka. Mtaa huanza na mmoja. Akampungia Basilia mkono, Basilia akampungia, na Hortensia akapanda zake kwa mama.

Mama Saturnina alikuwa ameketi kwenye benchi ndani, mlango wazi, birika motoni, mgongo kwenye ukuta wa buluu.

"Nilijua utakuja. Nimeweka vikombe viwili."

Hortensia alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo. Alimshika mama yake miguu kama alivyokuwa akiishika utotoni. "Mama, nakuomba. Siombi kama meya. Umeya wenyewe mavi matupu, siwezi kuhamisha hata kuku. Naomba kama mtoto wako. Twende."

"Wote wakienda, nitaenda. Niwe wa mwisho, hapo sitakuwa na deni na mtu."

"Wao wanakungoja wewe, wewe unawangoja wao! Mtakwenda lini?"

Mama Saturnina alifikiri. Kisha uso wake, ambao Hortensia hakuwahi kuuona umeshindwa na jambo, ukashindwa. "Sijui, mwanangu," alisema. "Hata mimi sijui tumefikaje hapa. Kaa kidogo, unatetemeka. Kunywa chai, halafu tufikiri."

Usiku kucha hakulala, na asubuhi hakuwa ameweka kitu tumboni. Akakaa. Ni kikombe kimoja tu cha chai ya koka, alijiambia, apate nguvu ya kumbeba mama mgongoni ikibidi. Akaegemeza kichwa kwenye bega la mama yake, na mama akamfunika shali.

Hivyo ndivyo Mzee Celedonio alivyowakuta alipopita mlangoni na ngoma yake tumboni. Alisimama. Uso mzima ukamng'aa.

"Jamani!" akaita nyuma. "Jamani njooni muone! Meya yuko kwa mama yake anakunywa chai! Amerudi nyumbani! Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Tarumbeta zikadaka. Hortensia aliruka, kikombe kikamwagika. "Hapana! Mzee, hapana, nimekuja kumchukua!" Akatoka nje. Lakini mlango ulikuwa umejaa watu tayari, wanamshika mikono, wanamrushia chengachenga zilizoloa, wanamvuta kwenye duara la ngoma. Aliona midomo yao ikimwambia karibu. Yake mwenyewe ilikuwa ikisema tokeni, tokeni, na hakuna aliyeisikia, hata yeye hakuisikia.

Akajipenyeza kwa viwiko mpaka uwanjani. Mume wa Basilia alikuwa juu ya lori, ameshafungua kamba.

"Unafanya nini wewe? Funga! Funga hiyo kamba!"

Kijana aliinama kumsikia, akacheka, akamwonyesha sikio. Akamtupia jirani yake jiko, jirani akalidaka. Hortensia alikamata ncha ya godoro lililokuwa linashuka akalisukuma juu kwa nguvu zake zote. Kijana akalivuta. Alilisukuma tena. Watu wakapiga makofi, wakidhani ni mchezo wa Kanivali, meya anashindana kuvuta godoro, na mmoja akamwagia maji mgongoni kumtia moyo. Viganja vyake vikateleza kwenye nailoni, godoro likamponyoka.

Basilia alikuwa amesimama pembeni, mapacha wamelala mgongoni, macho yake mekundu. Hortensia akamshika mabega, akamsogelea sikioni.

"Basilia, mdogo wangu, uliniahidi. Nenda. Nenda sasa hivi, usiingie ndani."

"Nilikuwa naogopa mno, dada," Basilia akamjibu sikioni, na machozi yakamtoka, machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Usiku kucha nimeogopa. Halafu nikakuona unapanda, nikamwambia mume wangu: tazama, angekuwa anajua kitu, angekuja kukaa hapa yeye?"

Mlangoni Mama Saturnina alikuwa amesimama na kofia yake, anaupapasa ukuta kwa kiganja. Rangi ya buluu ilikuwa imepasuka kutoka juu mpaka chini, palepale alipokuwa shahidi. Alimtazama binti yake kupita vichwa vya watu, akamwonyesha ufa kwa kidole.

Hortensia alimwona. Akageuka kupiga kelele tena, na tarumbeta zikaanza wimbo mwingine. Wanaume wawili wakampita na godoro la Basilia kichwani, wakaomba njia kwa adabu, wakaliingiza ndani.